Oili ya giaboksi otomatiki: Lita chache zinazookoa mtaji

MKULIMA anayepeleka nyanya gulioni na mfanyabiashara anayefuata bidhaa mjini kwa Toyota Noah au TownAce huijali sana oili ya injini. Wengine huibadili wenyewe nyumbani. Lakini ya giaboksi, hasa katika magari ya otomatiki yaliyotumika kutoka Japani, husahauliwa hadi siku gari linapogoma mlimani na mzigo. Hapo si suala la lita chache tena. Inatakiwa giaboksi nyingine, na fedha yake hutoka kwenye mtaji.

Oili hii, ambayo wengi huiita haidroliki, hailainishi vyuma tu. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia, kubana pleti za klachi zilizo ndani na kupoza giaboksi. Ikichakaa, pleti huteleza, na kadiri zinavyoteleza joto huzidi. Mafundi wengi hushauri ibadilishwe kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Gari la mizigo au la milimani lisisubiri kiasi hicho.

Anza na kijiti cha kupimia

Egesha gari mahali tambarare baada ya kuliendesha hadi lipate moto. Injini ikiendelea kuunguruma, kanyaga breki, pitisha gia katika nafasi zote kisha rudisha kwenye P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe na ukichomoe tena. Kwa Toyota nyingi oili isomeke kwenye alama ya moto. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, hivyo fuata kitabu cha gari lako.

Oili nzuri ni nyekundu angavu. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, huenda pleti zimeshaharibika. Oili mpya haitaziponya, muone fundi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta ambamo oili hiyo hupozwa. Usiendelee kuliendesha gari hilo.

Kijiti cha magari mengi ya Toyota pia kimeandikwa aina ya oili, kama Dexron au T-IV. Nunua iliyoandikwa. Giaboksi ya CVT ina oili yake pekee. Kufanana rangi si kufanana kazi.

Toa, pima, rudisha

Acha gari lipoe kidogo, maana oili ya moto huunguza. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Ukilazimika kuliinua, usiingie chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, na gari likae sawa.

Hakikisha unafungua nati ya giaboksi, si ya injini. Wapo waliomwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaijaza injini kupita kiasi. Kinga oili yote kwenye beseni safi, halafu ipime kwa chombo chenye alama za lita. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, kwani kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha. Nyingine hubaki ndani, mara nyingi zaidi ya nusu, hivyo ukimimina ujazo wote ulioandikwa kitabuni utapitiliza. Oili ikizidi hutoa povu na kupata joto. Ikipungua, pampu huvuta hewa na gia huteleza.

Funga nati kwa wosha mpya, bila kuikaza kupita kiasi. Mimina oili taratibu kwa faneli nyembamba kupitia bomba la kijiti. Washa injini, pitisha gia zote, kisha pima tena kama mwanzo na uangalie kama panavuja.

Ukikuta gari halina kijiti, kazi hii mpe fundi mwenye vifaa. Magari mengi ya aina hiyo hupimwa kwa nati ya chini, oili ikiwa katika joto maalumu.

Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na kisima. Ihifadhi kwenye dumu na uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Mwisho, andika kilomita zilizosomeka siku hiyo na ubandike karatasi ndani ya gari, ili hata dereva wako ajue siku ya kurudia.