Viinitete vilivyosalia: Uislamu wasemaje?
Mume na mke wamehangaika miaka bila mtoto. Daktari atungisha mayai maabarani, nao wajaliwa. Je, viinitete vilivyosalia kwenye friza vitupwe, ama wapewe watafiti watoe seli shina, chembe ziwezazo kukua kuwa neva ama moyo?

Mwaka wa 2003, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi, Makka, waliruhusu, mradi wazazi waridhie. Walichoharamisha ni kuunda kiinitete makusudi kwa utafiti, ama kuavya mimba.

Wengi wanaoruhusu hushika hadithi ya roho kupulizwa baada ya siku 120. Kiinitete cha friza kina siku tano hivi. Wengine huuheshimu uhai tangu utungisho, na hoja yao si nyepesi. Kondo la nyuma, tunalozoea kulizika, nalo liliruhusiwa.