Imbwa mudogo amefika nyumbani: tumupe nini?

Zamani imbwa ya kampi ilikuwa ya kulala inje. Posho ikishagawanywa, mama alipika bukari, watu walikula, na imbwa alipata makoko ya chungu pamoja na maji ya samaki. Alikuwa na kilo 15 ao 20, alizunguka lubanza mbili tatu, alijitafutia panya na mifupa, na hakuna mutu aliyeuliza kama ameshiba. Wale waliokufa hatukuwahesabu.

Leo mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunaona pia imbwa wa namna ingine: kanishi, bishoni, pekinwa, shiwawa, na wale waliochanganyika ambao muuzaji mwenyewe hajui jina lao. Papa anatoka kazi na katoto ka imbwa ndani ya koti, watoto wanapiga kelele, kila mutu anataka kumubeba. Kiisha mangaribi inafika na sahani inawekwa chini: bukari, supu kidogo, pengine kichwa cha samaki. Nyuma ya siku mbili kuhara kunaanza. Nyuma ya juma moja mutoto wa imbwa ameregea kabisa, na jirani anasema: wamemutia sumu. Mara nyingi hakuna mutu aliyetia sumu. Ni njaa, ao ni chakula kisicho chake.

Tuanze na mwili wake. Imbwa wa ukoo mudogo ni yule ambaye akikomaa hafikishi kilo 10. Akiwa na miezi miwili, siku ile anaachana na mama yake, anaweza kupima kilo moja tu. (Mbele ya juma 8 usikubali kumuchukua, hata muuzaji akiapa kwamba anakula muzuri.) Ule mwili wa kilo moja unakimbia mbio: mbele ya mwaka moja kumalizika amekwisha kukomaa, wakati imbwa mukubwa anaendelea kujenga mifupa mpaka miezi 18 na zaidi. Kwa kila kilo ya mwili wake, mutoto anahitaji karibu mara mbili ya nguvu ambayo imbwa mukubwa anahitaji. Lakini tumbo lake ni kama yai ya kuku. Ukilijaza na bukari, ambayo sehemu kubwa ni maji, amejaa na hajapata kitu. Tumbo linavimba, mgongo unabaki mifupa, na watoto wanasema "ona, amenenepa!"

Kwa hiyo neno la kwanza si chakula gani, ni mara ngapi. Mpaka miezi 3 anakula mara 4 kwa siku. Kutoka miezi 3 mpaka 6, mara 3. Nyuma ya pale, mara 2 maisha yake yote. Mu nyumba ya mutu wa mungodi, hii inaomba mupango. Kama papa iko posti ya asubuhi na mama anaenda ku soko, nani atamupa ya midi? Kama papa anatoka posti ya usiku, yeye ndiye anaweza kumupa ya asubuhi mbele ya kulala. Muandike ku karatasi, mubandike ku mulango wa kikuni, kila mutu na saa yake. Mutoto wa miaka kumi anaweza kazi hii muzuri kuliko sisi, kwa sababu yeye hasahau imbwa.

Juu ya nini tunakazia saa? Sababu mutoto wa imbwa mudogo hana akiba. Mafuta ya mwili ni kidogo, ini ni kadogo, na akikaa saa nyingi bila kula, zaidi kukiwa baridi kama mu mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu, sukari ya damu inashuka. Anaanza kutetemeka. Anatembea kama mulevi. Analala na haamuki muzuri ukimwita, pengine anakazana mwili kama mutu wa kifafa. Hapa ndipo watu wanasema sumu, wanamumwangia maziwa ao mafuta ya mangazi mu kinywa, na maziwa yanaingia mu mapafu. Hapana. Chukua asali, ao sukari uliyokoroga na maji kidogo sana mpaka ikuwe nzito, tia ku kidole, pakaza ku fizi zake ndani ya mudomo. Usimwange kitu mu koo. Mufunike na nguo, mukumbatie apate joto. Akiamuka, nyuma ya dakika chache mupe chakula chake, kiisha uende kwa munganga wa nyama siku ile ile, hata kama anacheza tena. Haponi kila mara, lakini mutu anayejua jambo hili moja anaweza kuokoa imbwa mu jikoni yake.

Sasa chakula chenyewe. Njia ya raisi ni croquettes za mu saki. Nyingi zinatoka Afrika ya Kusini na zinapita Kasumbalesa, zingine zinatoka Ulaya. Saki zote zina picha ya imbwa muzuri anayecheka. Picha haisemi kitu. Geuza nyuma usome. Utafute neno "chiot", ao "puppy" kama saki inasema kiingereza. Kama inasema "adulte", iache, hata kama beyi ni ndogo. Kiisha utafute "aliment complet". Kama imeandikwa "complémentaire", ile ni ya kuongezea tu, haiwezi kuwa chakula chake cha kila siku. Neno "mini" ao "petite race" ni muzuri sababu kipande ni kidogo kwa meno yake, na nguvu imekusanywa zaidi ndani ya kila kipande. Mu hesabu za nyuma, angalia protéines: chini ya 22 kwa 100, hiyo si ya mutoto. Majina ya kwanza mu mustari wa vitu vilivyotiwa ndiyo mengi zaidi. Nyama ao samaki akiwa nyuma ya mahindi, ya ngano na ya "sous-produits", unanunua mahindi kwa beyi ya nyama.

Kwa mutoto wa kilo mbili, hesabu ni karibu gramu 90 kwa siku, ukigawanya mara 3 ao 4. (Ukurasa wa saki utakupa hesabu yake, ifuate ile.) Mpaka miezi 3 ziloweshe na maji ya moto kidogo zikuwe laini. Ukipiga hesabu, saki ya kilo 3 inapita mwezi mumoja. Kwa hiyo imbwa mudogo si muharibifu wa feza kama watu wanavyosema. Ile inayoharibu feza ni saki ya kilo 20 ambayo mutu ananunua kwa sababu kilo moja inakuja beyi ndogo: imbwa huyu ataikula zaidi ya miezi 7, na mu joto la mvua mafuta yake yanaoza mbele ya miezi miwili. Kununua kwa kopo ku saki iliyo wazi mu soko, mimi sikushauri. Huoni tarehe, huoni kama panya amepita.

Na tuseme wazi neno ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini: kama watoto wa nyumba hawapati samaki, imbwa angoje. Hakuna haya kumwambia rafiki anayetaka kukupa mutoto wa imbwa, "nyuma ya mwaka ujao".

Wale ambao hawana saki wanaweza kupika, lakini kwa chungu chake, si chungu chetu. Supu yetu iko na matunguru, na matunguru yanavunja damu ya imbwa, mabichi ao ya kupikwa, ni sawasawa. Kwa imbwa wa kilo mbili, kitunguru kimoja kidogo kinatosha kumuletea shida, na ubaya haujionyeshi siku ile: nyuma ya siku kadhaa fizi zinakuwa nyeupe, mukojo unakuwa wa rangi ya kahawa. Tungusumu ni vilevile. Bitoyo ni chumvi tupu. Kwa hiyo toa sehemu yake mbele ya kutia matunguru na chumvi. Ongeza hapa shokola, zabibu, lutuku, na shingomu zisizo na sukari: ndani ya zile kuna ksilitoli, ambayo inashusha sukari ya imbwa kwa nusu saa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano.

Nini kinamufaa? Ndagala, kwanza. Ioshe mpaka muchanga utoke, iloweshe usiku mumoja, mwanga yale maji, ipike na uiponde yote: imbwa anapata nyama na mifupa pamoja. Yai ya kupikwa. Kuku bila mufupa. Ini, kidogo tu, mara moja ao mbili kwa juma. Wali laini ao bukari, lakini isipite nyama. Lengalenga ao karoti iliyopondwa, kijiko kimoja cha mafuta. Maziwa ya ng'ombe na maziwa ya unga, ambayo kila mutu anafikiri ni rafiki ya kila mutoto, mara nyingi ndiyo yanaleta kuhara. Maji safi yanatosha. Usimupe mapafu na ini mabichi ya ku abatwari, kuna minyoo ndani inayoweza kufika mpaka ku watoto wako.

Wenye feza kidogo wanaanguka mu kosa lingine: wanamupa nyama tupu. Wanafikiri wanamupenda. Nyama haina kalisi, na mwili unaokomaa bila kalisi unaikopa mu mifupa. Nyuma ya miezi miwili miguu inapinda, imbwa analia ukimubeba, na mufupa unaweza kuvunjika akiruka ku kiti. Kama unapika nyumbani bila ndagala, chukua maganda ya mayai, uyachemushe, uyakaushe, uyatwange mu kinu mpaka yakuwe unga laini kabisa. Nusu ya kijiko cha chai kwa siku inatosha mutoto wa kilo mbili. Lakini kama anakula croquettes za "chiot", usiongeze: kalisi nyingi inaharibu mifupa pia.

Sasa unga. Wakati unga wa mahindi umeshika kuvu, watu wengi wanasema: "hii si ya watu, mupe imbwa." Kuvu ya mahindi inatoa sumu inayoitwa aflatoksini, na imbwa anaumia nayo upesi sana. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka wa 2011, mu Gauteng, Afrika ya Kusini, imbwa zaidi ya 200 walikufa kwa sababu ya croquettes zilizotengenezwa na nafaka ya namna ile. Imbwa anakataa kula, anatapika, macho na fizi vinageuka manjano, kiisha anatoka damu. Na ile "si ya watu" iko sawa: mwaka wa 2004, mu Kenya, mahindi ya kuvu yaliua watu 125. Unga wa kuvu si wa imbwa, si wa kuku, si wa munkoyo. Ni wa kutupa.

Kuna jambo lingine ambalo mu magazeti ya Ulaya hutalisoma, sababu haliwahusu. Sahani ya imbwa inakaa chini, na chini kwetu kuna vumbi ya mungodi. Mu Kabwe, Zambia, ambako mungodi wa risasi ulifungwa mwaka wa 1994, wenye elimu walipima damu ya imbwa. Wale walioishi karibu na mungodi walikuwa na risasi nyingi kuliko wale wa kilometa ine mbali, na watoto wa imbwa walizidi wazee. Mungodi ya kwetu ni ya shaba na kobalti, si sawa na ya Kabwe, lakini njia ni ile ile: analamba buloba, analamba miguu yake, anatafuna botine. Kwa hiyo kombinezo na botine za kazi zisiingie pahali anapolala. Sahani yake ikuwe ya chuma ao ya udongo, ioshwe kila siku. Na usikate bidoni iliyotoka kazini kutengeneza sahani ya maji, hata kama umeiosha mara kumi. Kile kilichokuwa ndani hukijui chote. Watoto wanaotambaa pale chini pamoja naye wanapata faida hiyo hiyo.

Ukibadilisha chakula, usibadilishe siku moja. Changanya robo ya kipya siku mbili za kwanza, nusu siku mbili zinazofuata, mpaka juma linamalizika. Akitapika na kuhara damu, usilaumu chakula na kungojea: inaweza kuwa parvo, na parvo inaua kwa siku chache. Muganga wa nyama atakupangia chanjo na dawa ya minyoo pamoja; bila dawa ya minyoo, nusu ya chakula chote tulichosema unalisha minyoo. Lubumbashi iko na Faculté ya Médecine Vétérinaire ya UNILU, na veterinere waliosoma pale wanatumika mu miji yetu.

Umupime kila juma ku mizani ya muuzaji wa muchele, siku moja, saa moja, na uandike ku karatasi ile ile ya ku mulango. Pitisha vidole ku mbavu zake: uzisikie bila kuziona. Ukiziona, ongeza kidogo, usipozisikia, punguza. Akifika miezi 10 mpaka 12, saki ya "chiot" ikimalizika, unaanza kuchanganya ya "adulte".