Jiwe la Mulongwe kwenye skrini ya simu

Usiku wa kuamkia Aprili 17, 2020, mvua kubwa iliufurisha mto Mulongwe mjini Uvira, Kivu Kusini. Maji yalitoka kwenye njia yake yakiburuta matope na mawe kutoka milima ya Mitumba. Makumi ya watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibiwa.

Anayeishi kati ya milima hiyo na Ziwa Tanganyika hahitaji kuambiwa kwamba jiwe likishuka haliombi njia. Lakini kwa nini lilelile, likitoka juu zaidi, hubomoa zaidi? Jibu linaweza kuonekana kwenye simu ya kawaida, kupitia mchezo mdogo unaofunguliwa kwenye kivinjari. Faili lake likishahifadhiwa kwenye simu, huchezwa hata bila kifurushi cha intaneti.

Kinachofanyika ndani yake ni hesabu ya kujumlisha. Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kila mara, programu huongeza kidogo kasi ya jiwe kuelekea chini, kisha hulisogeza kulingana na kasi hiyo. Uvutano wa dunia huongeza takriban mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kwa hiyo kila mchoro hupata sehemu ya 60 ya kiasi hicho.

Jiwe likianguka wima kutoka mita 10, bila kuhesabu upinzani wa hewa, hutua kwa mita 14 kwa sekunde. Kutoka mita 40 hutua kwa mita 28. Kasi imekuwa mara mbili, lakini nishati ya kugonga imekuwa mara nne.

Ugumu unaanza kwenye mgongano. Kompyuta haioni safari nzima ya jiwe. Inaona picha moja, halafu nyingine. Kwa mita 28 kwa sekunde, jiwe husogea karibu sentimita 47 kati ya picha mbili. Ukuta wenye unene wa sentimita 10 unaweza kurukwa kabisa: picha moja jiwe liko mbele yake, inayofuata liko nyuma, na nyumba imesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mtoto anayejifunza kuhusu mafuriko, huo ni uongo hatari. Dawa yake ni kukata kila hatua vipande, tuseme kumi, na kukagua mgongano katika kila kipande.

Simu dhaifu nazo zina lao. Ikichora mara 30 tu kwa sekunde, jiwe litashuka polepole isivyo kawaida, isipokuwa mwandishi wa programu apime muda halisi uliopita badala ya kuhesabu michoro.

Si lazima kuanza na ukurasa mtupu. Box2D, kazi ya Erin Catto, hutolewa bure, na ndiyo iliyoendesha migongano ya Angry Birds, mchezo uliotoka Finland mwaka 2009.

Hata hivyo, mchezo kama huo hauwezi kusema Mulongwe utafurika lini wala maji yatafika nyumba ya nani. Mafuriko ni maji, tope, magogo na mawe kwa pamoja, na hesabu yake huhitaji vipimo vya mvua na ramani ya miteremko. Jiwe moja kwenye skrini linaonyesha jambo moja tu: kinachoongezeka kila mita linaposhuka.