Kitako cha Rauta na Ujira wa Mwanagenzi

Juma lililopita tulipita kwa jirani yetu fundi seremala kuulizia marufaa tuliyoagiza kwa ajili ya madrasa. Tulimkuta amekunja uso. Mwanagenzi wake alikuwa akichonga ukingo wa ubao wa mvule kwa rauta, mashine ikainama, na kisu kikala ubao pasipotakiwa. "Ujira wake wa leo nitaukata," alisema fundi.

Tulimwomba tuitazame mashine kwanza. Rauta hushikwa kwa mikono miwili, na kisu chake huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kitako chake cha plastiki ni duara dogo, kisu kikiwa katikati. Ukingoni mwa ubao, nusu ya kitako au zaidi huelea hewani. Mkono ukilegea kidogo tu, mashine huinamia nje. Kijana hakuzembea, kitako ndicho kilichomponza.

Fundi akakubali kutengeneza kitako kipya, nasi tukashuhudia. Kwanza alichomoa waya wa umeme. Akafungua skrubu, akakitoa kitako cha zamani na kukibandika juu ya plaiwudi ya milimita 9, kiwe kiolezo cha kutobolea matundu ya skrubu kwa keekee. Upande wa chini aliyapanua matundu hayo ili vichwa vya skrubu vizame, visikwaruze kazi. Umbo alilikata mfano wa tone la maji: huku duara, kule mkia mrefu wenye kishikio. Tundu la kati akalifanya pana kuliko kisu. Akapiga msasa, akafunga.

Sasa mkono mmoja hukandamiza kishikio kilicho juu ya ubao, na uzito hauelemei nje tena. Ila kitako kikizidi unene, kisu hutokeza pungufu kwa kiasi kicho hicho. Cha zamani kilikuwa milimita 6. Zimepungua 3, basi kina cha kisu sharti kipimwe upya.

Kijana akajaribu ukingo wa ubao mwingine, na mashine haikutikisika. Fundi akainamisha macho, kisha akasema: "Ujira wako utaupata kamili, mwanangu. Hasara ya ubao ni yangu."

Ndugu wasomaji, sisi tulio wazazi, walimu na waajiri, kabla ya kumhukumu aliye chini ya mikono yetu, tukikague kwanza kifaa tulichompa.