Mmea Wenye Mdomo wa Korongo

Katika nyanda za majani za Lesotho na mashariki ya Afrika ya Kusini huota mmea mdogo ambao wataalamu huuita Pelargonium sidoides. Jina la jamii yake, lililotolewa na L'Héritier mwaka 1789 ili kuitenga na Geranium, latokana na neno la Kiyunani pelargos, yaani korongo. Maana tunda lake limechongoka mfano wa mdomo wa ndege huyo. Likauka, hupasuka sehemu tano, na kila mbegu huchukuliwa na upepo kwa mkia wake wenye manyoya.

Majani yake yana umbo la moyo, rangi ya fedha, laini kama mahameli. Maua yake ni mekundu sana hata kukaribia weusi. Kwa alama hizi twautambua mbali na nduguye, Pelargonium reniforme, mwenye maua ya waridi na majani ya umbo la figo.

Mizizi yake minene Basotho huitumia kuwa dawa ya kuhara. Mchimbaji aing'oaye yote huua mmea. Abakizaye kipande udongoni aweza kuuona ukichipua tena. Basi tuwafundishapo wanafunzi jina lake, tusiache kuwafundisha na hilo.