Jinamizi: Ubongo Umeamka, Mwili Bado

Je, msomaji, umewahi kuzinduka usiku, chumba chote unakiona, lakini huwezi kuinua hata kidole? Wataka kupiga mayowe, sauti haitoki. Kifua ni kizito kana kwamba mtu amekikalia. Hilo ndilo jinamizi, na nimetibu watu waliomaliza mshahara wa mwezi mzima kwa mganga kabla ya kufika kwangu.

Kuna jambo moja la kuelewa kwanza: usingizi una hatua zake. Mwaka wa 1929, daktari Mjerumani Hans Berger alitangaza kwamba umeme mdogo wa ubongo wa binadamu waweza kunaswa kutoka kichwani na kuchorwa kama mawimbi. Ukifumba macho na kutulia, mawimbi huwa 8 hadi 13 kwa sekunde. Ukisinzia hupungua yakawa 4 hadi 7. Huo ndio usingizi wa mang'amung'amu ambao abiria wa matatu ya alfajiri anaujua sana. Baadaye, katika usingizi wa pono, mawimbi huwa makubwa na mazito, pengine moja au mawili tu kwa sekunde.

Kama dakika 90 baada ya kulala, mambo hugeuka. Mawimbi hurudi kuwa madogo na ya kasi, karibu kama ya mtu aliye macho, na mboni hukimbia huku na huko chini ya kope. Watafiti Aserinsky na Kleitman wa Chicago waliieleza hatua hii mwaka wa 1953. Ndoto zilizo wazi zaidi huja hapa. Ili usimpige mateke mwenzako ukiota unakimbizwa, shina la ubongo hulegeza misuli karibu yote, isipokuwa ile ya macho na kiwambo kinachovuta pumzi.

Basi jinamizi hutokea ubongo unapozinduka kabla misuli haijaachiliwa. Kile kivuli mlangoni ni ndoto iliyobaki machoni. Hupita baada ya sekunde au dakika chache, na lenyewe haliui.

Huwasumbua zaidi wanaolala kwa vipande: mabawabu, wauguzi wa zamu, wanafunzi wanaokesha na vitabu. Jaribu kulala saa zile zile kila siku, tena kwa ubavu, si chali. Lakini ikiwa mchana unazidiwa na usingizi, au magoti hulegea ghafla unapocheka, au mwenzako asema unakoroma na kukatika pumzi, muone daktari. Maradhi hayo yana matibabu, na kabla ya kuyapata usishike usukani.