Magari ya zamani na soko lake Afrika Mashariki

Umri ndio unaoamua kama gari limekuwa la kihistoria, na kila nchi ina kipimo chake. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, linaanzia miaka 30, mradi gari limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki kwa safari za kila siku. Ujerumani hutoa namba yenye herufi H kwa gari la umri huo. Uingereza husamehe kodi ya barabara gari likitimiza miaka 40, na Marekani hufungulia mlango gari la nje lililopita miaka 25, hata kama halikuundwa kwa viwango vya huko. Sheria za namna hii huvuta bei. Nissan Skyline ya toleo la R32 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1989. Ilipofika 2014 Wamarekani wakaruhusiwa kuinunua, na tangu hapo wenye kuipenda Japani wanashindana nao kwa magari yale yale.

Afrika Mashariki mambo yako kinyume. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limepita miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuzuia, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Kwa hiyo gari la Japani linaloonekana zee mno bandarini Mombasa, likisubiri miaka mingine 17, hupokewa Marekani kama kitu cha thamani. Nchini Kenya idadi ya magari ya kale haiwezi kuongezeka kwa kuagiza: mnunuzi hutafuta yale yaliyoingia yakiwa mapya, au yaliyounganishwa nchini, na ambayo hayakuishia kwa wauza vyuma chakavu.

Yaliyobaki yanaeleza historia ya barabara zenyewe. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa gari la shamba, la misheni, la polisi na la mkuu wa wilaya. Mapenzi hayo hayajaisha: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakakusanyika. Peugeot 504 ina heshima ya aina nyingine. Ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, lakini huku ilipata jina kwa kazi: ile ndefu yenye safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu, na abiria walisema tu wanapanda "Peugeot". Iliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuunda sedani hiyo mwaka 1983.

Tangazo kubwa la magari haya lilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo mwaka 1965, kisha kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alipata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Wateja waliona gari gani linahimili matope na mawe, wakanunua. Tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya enzi hiyo, na sasa ni biashara: timu za Ulaya huleta magari, mafundi na makontena ya vipuri, hulaza watu hotelini na kukodi ndege. Porsche, ambayo haikuwahi kushinda Safari yenyewe, ilishinda hii mwaka 2011 ikiendeshwa na Björn Waldegård, na 2015 ikiwa na Stig Blomqvist.

Mwenye gari la kale hupenda kusema kwamba analisikia. Maneno hayo yana msingi wa kiufundi. Usukani usiosaidiwa na pampu hupitisha mkononi kila kokoto la barabarani. Klachi, gia na breki hufuata mguu na mkono wa dereva bila kompyuta kuingilia kati. Kabureta huchanganya hewa na petroli kwa mvuto wa hewa tu. Pointi na koili huwasha cheche. Injini ikikwama, sababu huwa chache na nyingi huonekana kwa macho. Gari la leo lina vihisishi na vidhibiti vya kielektroniki kila pembe. Hutumia mafuta kidogo zaidi na hulinda watu vizuri zaidi, lakini taa ya hitilafu ikiwaka, fundi huhitaji kwanza mashine ya kuisoma, kisha mara nyingi huambiwa abadilishe kifaa kizima.

Hesabu ya fedha huvutia pia, ingawa wengi huipiga vibaya. Gari jipya hupoteza thamani tangu siku linapotoka dukani. Gari la kale lilishamaliza kushuka, na lililo nadra hupanda. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililowahi kufikia kabla yake. Bei za namna hiyo hazimhusu mwenye Datsun ya Nakuru. Kwake faida ya kuuza huliwa na matengenezo, na saa za kazi ndizo hula zaidi: kunyoosha bodi, kuondoa kutu, kupiga rangi, kushona viti upya.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Faida ya uhakika humwendea fundi na muuza vipuri kuliko mwenye gari. Jijini Nairobi watu huanzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Dar es Salaam huenda Kariakoo na Gerezani. Kisichopatikana huchongwa kwenye kerezo au huagizwa Uingereza, ambako kampuni bado hutengeneza bodi mpya nzima za MGB. Kazi moja iliwapa mafundi wa injini wateja wengi: petroli yenye risasi ilipoondolewa karibu Afrika yote kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, injini za zamani, ambazo vikalio vya valvu zake vililindwa na risasi hiyo, zikahitaji kuwekewa vya chuma kigumu zaidi. Tatizo ni warithi wa kazi. Kijana anayejifunza ufundi leo huanza na kompyuta ya Toyota, na wanaoweza kulinganisha kabureta mbili kwa sikio wanazeeka. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu 1970, husaidia kidogo, maana majaji hukagua injini na hata sehemu ya chini ya gari, na alama zao humjengea fundi jina.

Kasoro ni za kweli. Magari mengi ya miaka ya 1960 hayana mifuko ya hewa wala mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, na mengine hata mikanda hayana. Hewa ya chumvi ya Mombasa na Zanzibar hula bodi upesi, ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hutafuta gari lililokaa bara. Bima huleta mvutano wake: kampuni ikikadiria thamani kwa umri, gari lililotengenezwa kwa mamilioni ya shilingi huandikwa kama chuma chakavu, isipokuwa pande zote zimekubaliana bei mapema.

Umeme umeleta swali jipya. Opibus, kampuni ya Nairobi ambayo sasa inaitwa Roam, ilibadilisha magari ya watalii kutoka injini ya mafuta hadi mota na betri. Kwa FIVA, gari lililobadilishwa hivyo halihesabiwi tena kuwa la kihistoria, ndiyo maana hushauri mabadiliko yote yawe yanayoweza kurudishwa na vipande vya asili vihifadhiwe. Mwenye kambi ya utalii hilo halimkeri: yeye hutaka ukimya karibu na wanyama na gharama ndogo ya mafuta.